Dar es Salaam na Nairobi: Umbali wa Angani

Mtu akichukua ramani na uzi, akaunyosha uzi huo toka kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kile cha Jomo Kenyatta, Nairobi, atapata kilomita 670 hivi. Marubani huzitaja kuwa maili 360 za baharini, kipimo walichorithi kwa manahodha. Kwa barabara ya Segera, Arusha na Namanga, safari hiyo hukaribia kilomita 900.

Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa ingepaswa kuumaliza uzi huo kwa dakika 50. Mbona basi ratiba huandika saa moja na robo, au zaidi kidogo? Sababu ni kwamba ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho, na hukoma inaposimama tena. Katikati pana kusubiri zamu, kupaa, kufuata njia zilizopangwa na waongozaji, na kujipanga sawa na uwanja wa kutulia. Katika safari fupi kama hii, ndege haijakaa sana katika mwendo wake kamili kabla ya kuanza kushuka. Ya mapangaboi huchelewa zaidi, ingawa abiria wake hupata muda mrefu wa kuutazama Mlima Kilimanjaro, ambao huwa upande wa kushoto kwa aendaye Nairobi.

Saa za miji hiyo miwili ni zilezile, kwa hiyo msafiri hana haja ya kugusa saa yake.

Hata hivyo, umbali wa angani hauamuliwi na uzi peke yake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatambua kuwa kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya nayo ilikufa, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na safari za ndege za moja kwa moja zikakoma hadi mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983. Tupime gharama yake: aliyetaka kwenda Nairobi kwa kuzungukia Addis Ababa alipaswa kuruka kilomita 2,900 hivi, zaidi ya mara nne ya uzi wetu. Na hapo hatujahesabu usiku wa kungojea ndege ya pili. Ndugu waliotenganishwa na mpaka huo ndio wanaojua miaka sita ile ilikuwa na urefu gani.

Mzozo wa namna hiyo ulirudi mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Tanzania ilipoizuia Kenya Airways kuanzia Agosti mosi hadi Septemba. Januari 2024 ukazuka mwingine, safari hii kwa sababu ya mizigo. Air Tanzania ilitaka ruhusa ya kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi ya tatu, haki ambayo wanasheria wa anga huiita uhuru wa tano. Kenya ilipokataa, Tanzania ilitangaza kuwa ndege za abiria za Kenya Airways zisingetua Dar es Salaam kuanzia tarehe 22. Mazungumzo yalifanyika upesi, ruhusa ya shehena ikatolewa, na tarehe hiyo ilipofika zuio lilikuwa limekwisha kuondolewa.