Matema: Pumziko la Mama na Afya ya Familia

Mama, ni lini mara ya mwisho ulikaa na watoto wako bila sufuria kuwa jikoni wala jembe kuwa begani? Wengi wetu tunadhani mapumziko ni mambo ya wenye fedha. Lakini hata Uingereza, treni ilipoanza kwenda Brighton kutoka London mwaka 1841, watu wa kawaida walipata nafasi ya kwenda pwani asubuhi na kurudi jioni. Tena pwani ile ni ya kokoto na maji yake ni baridi. Sisi wa Ipinda tuna Ziwa Nyasa, lenye maji ya uvuguvugu na mchanga laini, mwisho wa barabara yetu hii hii.

Matema kuna nini?

Ufuko wa Matema uko pale ambapo Milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Ukikaa chini ya mwembe unaona milima, ziwa na mitumbwi kwa pamoja. Jitahidi kwenda Jumamosi, siku ya soko la vyungu la Lyulilo. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono yao na kuvileta kwa mitumbwi. Watoto wako waone kazi hiyo, nawe urudi na chungu cha maharage.

Beba wali na ndizi zilizopikwa tangu nyumbani, pamoja na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Usiende kuhamishia jiko ufukweni! Baba naye awashike watoto mkono, ili mama akae.

Kabla ya kuingia majini

Upepo wa mwera ukivuma, mawimbi huwa makubwa. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kaeni mbali na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba, na waulizeni wenyeji mahali salama pa kuogelea.

Adui mwingine haonekani: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Chagueni mahali pa mchanga mtupu penye mawimbi, ingawa hapo pia hatari haiishi kabisa. Tena, mtu asijisaidie ziwani, maana mkojo na kinyesi cha mgonjwa ndivyo vinavyopeleka mayai ya kichocho kwenye maji.

Siri ambayo mama hupaswi kuinyamazia

Wengi wanajua kichocho kwa mtoto anayekojoa damu. Wachache wanajua kwamba kichocho huweza kushambulia uke na mlango wa kizazi. Mama hutokwa na uchafu, huumwa chini ya kitovu, au hutoka damu baada ya tendo la ndoa. Wengine hushindwa kupata mimba, na vidonda hivyo huweza kurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya zinaa. Hapo mume humshuku mke, mke naye humshuku mume, na nyumba huingia ugomvi, kumbe chanzo ni maji waliyoyaoga au kufulia. Kabla ya kushutumiana, nendeni zahanati pamoja. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unatumia maji ya ziwa au mto. Dawa ya prazikwanteli, ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu, huua minyoo hiyo. Usichelewe, kwani makovu ya muda mrefu huweza kubaki hata baada ya tiba.

Mkishaogelea Matema, nendeni mkapimwe baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hakuna anayeumwa. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda siku ile ile mnaporudi.

Basi, mama, weka akiba ya nauli kidogo kidogo na mpange siku na mwenzako. Nguo chafu zitakusubiri.