Jina la Mahindi Limetoka Wapi?

Ndugu mkulima, mahindi yaliyo ghalani mwako yana jina la nchi ambayo si kwao. Litamke polepole: muhindi mmoja, mahindi mengi. Utasikia Uhindi ndani yake. Tangu zamani majahazi yalikuja pwani na pepo za kaskazi, yakileta nguo na bidhaa nyingine kutoka Uhindi, kwa hiyo si ajabu kitu kigeni kupewa jina la huko.

Kwao hasa ni Meksiko, ambako yalianza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita. Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498, ndio wanaotajwa kuwa waliyaleta pwani yetu baadaye.

Wala usidhani ni Waswahili peke yao waliokosea. Waitaliani huyaita nafaka ya Kituruki. Waturuki huyaita kwa jina la Misri. Nao Wamisri huyaita mtama wa Sham. Kila mmoja amemnyoshea kidole jirani yake!

Sasa tazama wimbi, ile tunayoiita obori. Asili yake ni nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, na maelfu ya miaka iliyopita ilivushwa bahari hadi Uhindi. Huko kusini huitwa ragi, na watu huisonga ugali kama obokima yetu. Basi nafaka yenye jina la Uhindi haikutoka Uhindi, na ile iliyokwenda Uhindi ilitoka kwetu.

Mahindi ni mgeni mwema, hilo halina ubishi. Mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, H611, ilitolewa Kitale mwaka 1964, na mzazi wake mmoja aliletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Lakini wengi wetu, katika mashamba ya Borabu na kwingineko, tumemwachia mgeni shamba lote.

Fikiri juu ya ghala. Mahindi yakiwekwa na unyevu unaozidi sehemu 13 hivi katika 100 huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu. Fukusi nao hawalali. Punje ya wimbi ni ndogo mno, fukusi hapati nafasi ndani yake; ikikaushwa vizuri hukaa miaka mingi. Tenga kipande, hata kama ni kidogo, upande kwa mistari, maana kuna gugu ambalo likiwa changa hufanana sana na wimbi, na mistari ndiyo itakayokuonyesha lipi la kung'oa.