Asiyejua kupima hupimiwa

Haba na haba, hujaza kibaba. Methali hii hukaririwa katika kila shule ya msingi kama funzo la subira na akiba, ilhali wengi wa wanaoikariri hawajapata kukiona kibaba chenyewe, wala hawajui kwamba vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi. Tumeihifadhi methali, tukakipoteza kipimo. Nimelianza jambo hili kwa mbali kwa sababu ningependa kuzungumzia mafunzo ya vipimo kwa watoto wenye matatizo ya kujifunza, na ni imani yangu kwamba sehemu kubwa ya dawa tunayoitafuta imo ndani ya lugha yetu.

Tuchukue mfano wa Kililana, upande wa bara wa Lamu. Hapa ndipo palipochaguliwa kujengwa bandari mpya ya Lamu, iliyozinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Tangu siku hizo vipimo vimekuwa habari ya kila baraza: gati lina urefu wa mita 400, kina cha maji ni mita 17.5, shamba la fulani ni ekari kadhaa. Fidia ya mashamba ya Kililana ilitajwa kuwa shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Ekari moja ni takriban mita mraba 4,047. Kwa hivyo kila mita mraba moja ilikuwa na thamani ya kama shilingi 370. Alama ya mpaka ikisogezwa mita mbili tu kwenye ubavu wa shamba wenye urefu wa mita 50, mwenye shamba amepoteza shilingi 37,000. Katika mazingira kama hayo, kutojua vipimo ni kumwachia mwingine akuambie ulicho nacho.

Sasa tumfikirie mtoto ambaye hesabu humlemea. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watoto 3 na 7 katika kila 100 wana diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa idadi na mahesabu, usiotokana na uvivu wala malezi mabaya. Mbali na hao, wako wenye ulemavu wa akili, na wengine ambao kumbukumbu yao haiwezi kubeba maagizo matatu kwa pamoja. Watoto hawa wamo katika madarasa yetu ya kawaida. Tunawaita wazito wa kuelewa, kisha tunaendelea na somo.

Mwalimu humpa mtoto huyu rula na kumwambia apime daftari. Mtoto huanzia kwenye alama ya moja badala ya sufuri, au husogeza kijiti cha kupimia na kuacha pengo katikati. Mwalimu huona jibu lisilo sahihi na kutia mkasi. Lakini makosa hayo yana maana. Mtoto anayeanzia kwenye moja anahesabu alama zilizochorwa. Hajaelewa kwamba kinachohesabiwa ni nafasi iliyo baina ya alama. Anayeacha pengo hajaelewa kwamba kipimo ni kitu kimoja kinachorudiwa bila kuruka. Rula haiwezi kumfundisha mambo haya, kwa kuwa rula ni matokeo ya mtu aliyekwisha kuyaelewa.

Kama mwanaisimu, ningependa kuongeza tatizo la pili ambalo halizungumzwi sana. Katika Kiswahili, sifa ya "-refu" hubeba mzigo mkubwa. Kamba ni ndefu, mnazi ni mrefu, kisima ni kirefu, na safari pia ni ndefu. Aidha, mzigo ni mzito na uji ni mzito, ingawa mzigo tunauinua na uji tunaukoroga. Mtu mzima hutofautisha maana kwa muktadha. Mtoto mwenye matatizo ya kujifunza huhitaji kuambiwa waziwazi kwamba leo tunapima kimo, kesho kina, keshokutwa upana. Maneno hayo tunayo. Tumezoea tu kuyafunika yote kwa "urefu". Hata neno "mita" humkanganya: nyumbani ni chombo cha kuhesabia maji au umeme, shuleni ni kipimo cha urefu.

Na saa je? Mkono mfupi umeelekea saba, mama anasema ni saa moja asubuhi, kitabu cha hisabati kilichoandikwa kwa Kiingereza kinasema ni saba. Mtoto mwepesi huzibeba hesabu zote mbili. Mwenzake huamua kwamba saa ni kitendawili cha wakubwa, akaacha kujaribu. Mwalimu afundishe kwanza saa inayotajwa nyumbani, aikamilishe, ndipo alete ya pili na kuonyesha kwamba baina ya hizo mbili kuna tofauti ya sita siku zote.

Tufanye nini basi? Mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo vinavyoanzia pale pale kwenye kutenda. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni dhiraa, yaani mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, mikono yote ikinyooshwa. Tazama jinsi ngazi hii inavyopanda: mbili, mbili, mbili. Kibaba, kisaga na pishi hupanda vivyo hivyo. Kwa mtoto anayetishwa na kumi, mia na elfu, kuongeza maradufu ni hatua fupi anayoweza kuikanyaga.

Mazingira ya Lamu yamejaa vifaa visivyonunuliwa. Miti ya mikoko hupangwa kwa unene, kuanzia fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo, na huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mpe mtoto vipande vitano avipange kutoka chembamba hadi kinene kabla hujamtajia sentimita. Mpe kikombe na ndoo mbili, moja nyembamba na ndefu, nyingine fupi na pana, azijaze kwa vikombe huku akihesabu kwa sauti. Atakapoona kwamba ndoo fupi imemeza vikombe sawa na ndefu, atakuwa amejifunza ujazo. Fundisha sifa moja kwa siku, kwa maneno yale yale, na urudie wiki ijayo.

Najua wako watakaouliza: je, shibiri ya mtoto na shibiri ya baba yake ni sawa? La, na hapo ndipo penye somo. Waache wanafunzi wawili wapime meza moja kwa shibiri zao, wapate majibu mawili, wabishane. Ubishi huo ndio uliomleta binadamu kwenye mita. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walipoteza chombo kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu kundi moja lilitumia vipimo vya Kiingereza na jingine vya mita. Kama wao walikanganyikiwa, mtoto wa Gredi ya 4 hastahili kuchekwa.

Nchi yetu haina upungufu wa maandishi. Taasisi ya Elimu Maalumu ilianzishwa mwaka 1986, sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ilitolewa mwaka 2018, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi atende. Lakini sera haiingii darasani kwa miguu yake. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaosoma safu hii waanze kukusanya vipimo vya mahali wanakotoka, majina na matumizi yake, kabla wazee wanaovijua hawajatutoka. Waandishi wa vitabu vya hisabati nao wavitie katika kurasa za mwanzo, kwa Kiswahili, pamoja na kimo, kina na upana.

Mtoto wa Kililana anayeshindwa na rula leo atakuwa mzazi kesho. Atasimama mbele ya mizani ya samaki, chupa ya dawa ya mwanawe, na mpima ardhi mwenye kamba ndefu. Tusipomfundisha, atakubali kila anachoambiwa. Na asiyejua kupima, hupimiwa.