Mzazi, usalama wa ufukwe haupimwi kwa jina la nchi

Kwa familia ya Moa, wilayani Mkinga, ufukwe wa kigeni ulio karibu zaidi ni wa jirani. Unavuka mpaka Horohoro, unaingia Lunga Lunga, kisha unashika njia ya Diani, Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Safari si ndefu, ila likizo ikikaribia wazazi hujiuliza: watoto watakuwa salama?

Wana sababu ya kuuliza. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara eneo la Lamu, na Juni 2014 watu wenye silaha waliua makumi ya wakazi wa Mpeketoni. Lakini Lamu iko kaskazini, upande wa Somalia, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Diani.

Wenyeji wa Tanga wanalijua hili kutoka kwao wenyewe. Februari 2015 vikosi vya usalama vilipambana na watu wenye silaha eneo la mapango ya Amboni. Aliyesikia habari hiyo akiwa mbali angeweza kuiogopa pwani yote, Moa ikiwamo.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, uliza mambo matatu: tukio lilitokea sehemu gani hasa, lini, na lilimlenga nani? Hata tahadhari za Uingereza na Marekani kwa raia wao hutaja maeneo mahususi ya Kenya, na si nchi nzima kwa kiwango kimoja.

Katika fukwe nyingi za watalii, linaloipata familia kwa urahisi zaidi ni wizi mdogo: simu iliyoachwa juu ya taulo, au pochi iliyochomolewa. Badilisha fedha benki au kwenye duka lenye leseni, usitembee ufukweni usiku, na acha nakala za hati za safari kwa ndugu nyumbani. Watoto wafundishwe namba 116, ya msaada kwa mtoto, inayotumika Tanzania na Kenya.

Hofu ya majambazi isikusahaulishe maji na barabara. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Mtoto wa Moa aliyezoea maji ya mikokoni bado ni mgeni Diani. Waulize wenyeji maji yanajaa saa ngapi na mkondo uko wapi. Panda gari lenye mikanda, tena mchana. Na watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja aweke simu pembeni, kazi yake iwe kuwatazama tu.