Kidonge Hakijui Panapouma

Haya, wajukuu, sogeeni. Usiku wa jana Zuhura alitetemeka chini ya mablanketi mawili. Asubuhi akatobolewa kidole zahanati, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, mistari miwili ikajitokeza: malaria. Sasa ameshika dawa mseto mkononi, amekunja uso, ananiuliza: "Bibi, kichwa kinauma, viungo vinauma. Kidonge kitajuaje kianzie wapi?"

Hakijui, mama. Kidonge hakina macho. Kikishaingia damuni kinazungushwa mwili mzima, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu ambacho hakina shida yoyote, na humohumo katika kuzunguka ndimo kinamokutana na adui.

Zuhura ana kilo 20, basi kila dozi ni vidonge 2. Ndani ya kila kimoja mna dawa mbili: artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Vikifika tumboni vinamumunyuka. Lakini lumefantrini ina deko: maji haiyapendi, inataka mafuta. Ikikuta utumbo mwembamba hauna mafuta, nyingi hupita tu ikaishia chooni. Kwa hiyo ule uji wa maziwa aliopikiwa Zuhura, nanyi mkaununia, haukuwa wa kumdekeza.

Utumboni dawa hunyonywa na kupelekwa kwanza kwenye ini. Ini halipendi wageni; kila kigeni hulibadilisha ili kitoke upesi, na dawa nyingi hupunguzwa nguvu hapo. Kwa artemeta, mambo hugeuka. Ini huigeuza kuwa dihidroartemisinini (jina refu, msilikariri), nayo huua vimelea kwa ukali kuliko hata artemeta yenyewe.

Vimelea wenyewe wamejificha ndani ya chembe nyekundu za damu, wanakula himoglobini. Walafi hao! Himoglobini ina madini ya chuma, na kimelea akiimeng'enya, chuma hicho huachwa wazi. Artemeta yetu nayo ina atomi mbili za oksijeni zilizoungana. Zikigusana na chuma hicho, muungano hukatika, vikazaliwa vipande vikali vinavyoharibu protini za kimelea. Kwa hiyo ni ulaji wake mwenyewe unaoiwasha dawa. Chembe isiyo na mgeni, chuma chake kimefungwa vizuri, haipati msukosuko huo.

Aliyetupatia dawa za jamii hii ni mama mmoja wa China, Tu Youyou. Miaka ya 1970 mwanzoni alikuwa akihangaika na mmea wa Artemisia annua, ambao kila akiuchemsha matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona huko mmea ulilowekwa ukakamuliwa, bila moto. Akashuku moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, na dawa ikatoka salama. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaimeza wao kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Mimi ningempa mapema zaidi.

"Bibi, kesho nikipoa niache?"

Hapo ndipo watu wazima wengi huharibu. Piga hesabu nami. Tuseme una vimelea 1,000,000,000. Ndani ya saa 48 artemeta inaweza kuwapunguza mara 10,000 hivi. Wanabaki wangapi? Laki moja. Homa imeshuka, umeomba chipsi, nao laki moja wamo, wanazaana.

Tena artemeta haikai. Damu ni kama ndoo iliyotoboka: unatia, inavuja. Kila baada ya saa chache nusu ya artemeta imeshaondoka. Ndiyo maana dozi ya pili humezwa baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, mpaka zitimie 6. Kumeza vidonge vingi kwa mkupuo ili umalize mapema hakuzibi tundu. Kunakuletea sumu tu.

Masalia waliofichama huachiwa lumefantrini. Yenyewe haina haraka. Kimelea akila himoglobini hubakiwa na taka yenye sumu, ambayo kwa kawaida huigandisha isimdhuru. Lumefantrini humzuia kuigandisha. Nayo huchukua siku 3 hadi 6 kupungua nusu, ikitoka kidogo kidogo kupitia ini na nyongo. Zuhura atakaporudi shuleni na kuanza kuruka kamba, itakuwa bado imo damuni, inawasaka waliobaki. Haya, Zuhura, maliza uji, kisha umeze.