Kisu cha Mchongaji na Injili ya Mwaka 1591

Leo twawageukia hasa ninyi wa Kitui na Makueni, kwa kuwa habari yetu ni ya kisu na mti. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoianza kazi ya vinyago baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ukambani mchongaji si mgeni. Na Kutoka 31 chatuonyesha kwamba hata ustadi wa Bezaleli wa kuchonga miti ulitoka kwa Mungu.

Mwaka 1591 huko Roma zilitolewa Injili Nne kwa Kiarabu, katika kiwanda cha uchapaji kilichoanzishwa mwaka 1584 na Kardinali Ferdinando de' Medici. Zilikuwa na picha karibu 150, nyingine zikirudiwa. Aliyezichora ni Antonio Tempesta, mzaliwa wa Florence. Aliyeshika kisu ni Leonardo Parasole, na huyu ndiye tunayemwonea huruma.

Fikirini kazi yake. Mchoro huwekwa juu ya ubao laini. Mchongaji hakati mstari wenyewe. Huondoa mti wa kando yake, huku na huku, hata mstari usimame kama ukuta mwembamba. Kisha hupakwa wino, na karatasi hukandamizwa juu yake. Tena kila kitu ubaoni huwa kinyume: mkono wa kuume wa Bwana huchongwa upande wa kushoto. Anayechonga twiga akikosea shingo aweza kuipunguza kidogo. Kisu cha Parasole kikiteleza, uso wa Petro umekwisha.

Wenye kiwanda walitumaini kuuza vitabu Mashariki, lakini biashara haikuenda vema. Hata hivyo kitabu kilifika Ethiopia, nchi ambayo wafalme wake wa Aksumu walipokea Ukristo tangu karne ya 4. Katika karne ya 17 wachoraji wa huko waliziiga picha hizo katika Injili za Kigeez, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi.

Wako wasemao kwamba picha za namna hii ni mali ya Wazungu. Sisi hatukubali. Waethiopia walichukua mpangilio wa Tempesta, nani asimame wapi, yupi apige magoti. Mengine wakayafanya yao: badala ya wino mweusi wakatia rangi kali, na macho ya watu wakayachora makubwa, kama walivyozoea kuwachora watakatifu wao. Moja ya Injili hizo imehifadhiwa London, katika Maktaba ya Uingereza.