Michanganyiko yote ya unga, bila kitanzi ndani ya kitanzi (Sehemu ya pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha mama wa mfano wetu, mwenye mashine ya kusaga kule Mitwaba, akiwa na magunia manne: mahindi, muhogo, soya na karanga. Anataka unga mmoja utakaofaa kwa bukari, yaani ugali, ya wakubwa na uji wa watoto, na kabla ya kuchagua anataka kuiona michanganyiko yote inayowezekana. Swali lake lina mizizi sokoni. Lubumbashi inakula mahindi, na mengi kati ya hayo yanatoka Zambia. Serikali ya Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke mpaka, kama ilivyokwisha kufanya zaidi ya mara moja, bei ya meka, kipimo cha unga sokoni, inapanda mjini, na mzigo unaoelekea kaskazini hadi Mitwaba unaongezewa gharama za barabara ndefu na mbovu. Hapo ndipo muhogo unapoingia sufuriani, na watu huanza kubishana kuhusu kiasi.

Programu tuliyoiandika wiki iliyopita ilikuwa na vitanzi (loop) vinne, kimoja ndani ya kingine. Kila kitanzi kilihesabu mafungu ya unga mmoja kuanzia 0 hadi 10, kila fungu likiwa asilimia kumi ya mchanganyiko, kisha programu ikauliza kama jumla ni kumi. Ilijaribu mara 14,641 ili kupata michanganyiko 286. Msomaji makini atasema kwamba kitanzi cha nne hakina kazi, kwa kuwa ukijua mafungu matatu la nne unalipata kwa kutoa. Ni kweli, na majaribio yanashuka hadi 1,331. Lakini ubovu wenyewe unabaki pale pale. Mama akiongeza mtama na dagaa, na akitaka kupima kwa asilimia tano tano badala ya kumi kumi, vitanzi vinakuwa sita vyenye hatua 21 kila kimoja. Hayo ni majaribio 85,766,121 ya kutafuta michanganyiko 53,130.

Kinachonikera mimi hata hivyo si muda wa kompyuta, maana mashine za leo zina nguvu. Kinachonikera ni kwamba kila unga mpya unamlazimu mtu kuifungua programu na kuandika kitanzi kingine. Idadi ya aina za unga imefungwa ndani ya umbo la programu, ilhali ilipaswa kuwa namba tu, ambayo hata asiyejua kuandika programu angeweza kuibadilisha.

Tuanze basi upya. Mafungu kumi ya unga yapange katika mstari mmoja. Ili kuyagawa sehemu nne unahitaji vijiti vitatu vya kutenganisha: yaliyo kabla ya kijiti cha kwanza ni mahindi, yaliyo kati ya cha kwanza na cha pili ni muhogo, na kuendelea hivyo hadi karanga. Vijiti viwili vikikaa pamoja bila fungu katikati, unga wa sehemu hiyo haumo. Mafungu kumi na vijiti vitatu ni nafasi 13, na kila njia ya kuchagua nafasi tatu za kuweka vijiti ni mchanganyiko mmoja. Zidisha 13 kwa 12 kwa 11, gawa kwa 6, unapata 286. Hakuna jaribio linalotupwa, kwa sababu jumla haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa kumi. Anayetumia lugha ya Python ana chombo tayari: maktaba yake ya itertools, tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, inaorodhesha chaguo zote za namna hii kwa mstari mmoja.

Ila mimi napendelea kanuni inayoweza kufuatwa hata kwa mkono, bila maktaba yoyote. Imo katika kitabu cha Albert Nijenhuis na Herbert Wilf kiitwacho Combinatorial Algorithms, kilichotoka mwaka 1975. Weka mabakuli manne kwa mstari, na mafungu yote kumi yawe katika bakuli la kushoto kabisa. Huo ni mchanganyiko wa kwanza: 10, 0, 0, 0. Ili kupata unaofuata, anza kushoto utafute bakuli la kwanza lisilo tupu. Toa mafungu yote yaliyomo. Fungu moja liweke katika bakuli linalofuata kuliani, na yaliyobaki yarudishe katika bakuli la kushoto kabisa. Basi.

Ukifuata, utapata 9, 1, 0, 0. Kisha 8, 2, 0, 0. Na kuendelea hadi 0, 10, 0, 0. Hapo bakuli la kwanza lisilo tupu ni la pili. Toa kumi, moja liende bakuli la tatu, tisa yarudi la kwanza: 9, 0, 1, 0. Kazi inakwisha mafungu yote kumi yanapofika bakuli la mwisho, na ukihesabu utakuta umepita mahali 286 bila kurudia hata pamoja. Asiyeamini ajaribu mafungu matatu kwa mabakuli matatu. Ni michanganyiko kumi tu, inatosha nyuma ya bahasha.

Ndani ya programu kanuni hii ni kitanzi kimoja, na mabakuli ni orodha ya namba. Mabakuli manne, sita au ishirini, programu ni ile ile. Wapo wanaopenda kuandika kazi (function) inayojiita yenyewe, unga mmoja kila mara, na wanapata jibu sahihi. Kwa mazingira yetu naona kanuni ya mabakuli inafaa zaidi. Umeme ukikatika katikati ya orodha ndefu, kitu pekee unachohitaji kuwa umehifadhi ni mchanganyiko wa mwisho. Ukirudi, unaendelea kuanzia hapo.

Kuhesabu michanganyiko ni elimu kongwe, na bara letu lina sehemu yake. Ibn Munʿim, aliyefanya kazi Marrakesh na kufariki mwaka 1228, aliuliza ni vishada vingapi tofauti vya hariri vinavyoweza kutengenezwa kwa rangi kumi, akajibu kwa jedwali la pembetatu ambalo Ulaya ililipa jina la Pascal karne nyingi baadaye. Swali la viwango vinavyojumlisha kuwa kitu kimoja lilipata nadharia yake ya majaribio mwaka 1958, katika makala ya Henry Scheffé kuhusu majaribio ya michanganyiko. Wahandisi wa madini wa Katanga wanaweza kulitumia vile vile. Chukua shaba ya Lubumbashi, bati linalotokana na kasiteriti ya Mitwaba, na zinki. Kwa hatua za asilimia moja moja, aloi zinazowezekana ni 5,151.

Sasa mipaka. Hakuna anayetaka bukari ya karanga tupu, na orodha yetu ya 286 imejaa upuuzi wa aina hiyo. Tuseme mama anataka mahindi yasipungue mafungu matatu, muhogo mawili, soya moja. Usitengeneze yote kisha uchuje. Upe kila unga haki yake kwanza. Hayo ni mafungu sita. Yanabaki manne tu ya kugawa kwa kanuni ya mabakuli, na orodha inashuka hadi 35. Akisema pia karanga zisizidi mafungu mawili, minne inaondoka na inabaki 31. Unga wa aina 31 mtu anaweza kuusonga na kuuonja.

Chukua mmoja kati ya hiyo: mahindi 5, muhogo 3, soya 1, karanga 1. Protini ya mahindi ni karibu asilimia 9, ya unga wa muhogo haizidi 2, ya soya ni kama 36 na ya karanga kama 26. Mchanganyiko huu unafika karibu asilimia 11, yaani unapita mahindi matupu ingawa karibu theluthi yake ni muhogo.

Mipaka hii haitoki kwenye kompyuta, na hapa nawaomba vijana wanaoandika programu wawasikilize wanaopika. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu ya sianidi. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na sumu hiyo, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, katika nchi hii hii yetu ya Kongo. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na aflatoksini, na kuyachanganya na unga mzuri hakuyaondolei sumu. Programu itauhesabu mchanganyiko wa muhogo mbovu kama halali.

Wiki ijayo tutaweka bei ya kila unga kwa meka na kutafuta, kati ya ile 31, ulio wa bei nafuu kuliko yote na wenye protini isiyopungua asilimia 11. Msomaji aje na bei za soko lake.